Uliza unaamka saa ngapi

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi Korogwe na begi moja, nikidhani ni wiki mbili tu. Vikafunguliwa Juni 1. Katikati hapo niligeuka popo: usiku simu, mchana usingizi, mama akipita mlangoni anaguna.

Balaa lilianza niliporudi. Ratiba imebanwa, vipindi mpaka Jumamosi, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) hiyo inakuja, na sapu mbili (mitihani ya kurudia) zinaningoja. Kipindi cha kwanza saa moja asubuhi, ilhali usingizi wangu unafika saa kumi alfajiri. Nikajitibu kihosteli: kahawa saa nne usiku, madesa (notsi za kusomea) kitandani, nakesha. Ukurasa mmoja nausoma mara nne. Halafu nikaanza kulia bafuni bila sababu, jambo ambalo sisi wanaume hatulisimulii kirahisi.

Aliyekuwa ananibeba hosteli (tunalala wawili kitanda chake kimoja cha juu, kwenye chumba cha watu wanne, hesabu mwenyewe) ndiye aliyenisukuma kwa mshauri wa wanafunzi. Nilijiandaa kuambiwa nipunguze mawazo. Yule mama akauliza, "Mwanangu, unaamka saa ngapi?" Nikakosa jibu. Kila siku ilikuwa na saa yake.

Basi nikapewa kazi: kuamka saa kumi na mbili, Jumapili imo, hata kama nimelala saa tisa, kisha nitoke nje kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nahangaika kulala mapema, kumbe saa ya mwili hurekebishwa asubuhi. Kahawa mwisho saa nane mchana, maana hata baada ya muda wa saa tano, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Madesa yahamie maktaba; kitanda ni cha kulala. Na ikipita kama dakika 20 macho makavu, shuka, kaa pembeni mpaka usingizi urudi. Kushuka kitanda cha juu bila kumkanyaga mwenzako ni fani nyingine.

Wiki ya kwanza nilisinzia darasani mpaka kalamu ikaanguka. Ya tatu, nikawa nalala saa tano usiku bila kujilazimisha. Sapu moja nilifeli tena, sikufichi, lakini kilio kiliisha.

Kama kwako hali imevuta wiki kadhaa, au umeanza kuona maisha hayana maana, usisubiri udisko (uondolewe chuo kwa kufeli) ndipo utafute mtu. Nenda leo. Ofisi ya yule mama ilikuwa nyuma ya zahanati ya chuo. Karibu miaka miwili nilipita pale nikidhani ni stoo.