Mume wangu huivua mashine ya hewa usiku wa manane. Je, nihame chumba?

Shikamoo shangazi. Mume wangu ana umri wa miaka 51 na ni dereva wa basi la Tanga kwenda Dar es Salaam. Kwa miaka mingi amekuwa akikoroma, na mara nyingine pumzi humkatika kabisa hadi nimsukume ndipo azinduke kwa kishindo. Vipimo vya usingizi alivyofanyiwa Dar es Salaam vilionyesha kuwa pumzi hukatika au kupungua mara 42 kwa saa, akaandikiwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, ambayo mtoto wetu aliyeko Muscat alichangia kuinunua. Huu ni mwezi wa pili. Ikifika saa nane usiku huivua na kuitupa sakafuni, akilalamika kuwa kinywa kimekauka. Mimi hupulizwa na upepo shingoni, chandarua hakifungiki kwa sababu ya mpira wa hewa, na umeme ukikatika yeye hukurupuka kama aliyekabwa. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, amekwisha kuwaambia majirani kuwa mwanawe anapumulia oksijeni. Je, nihamie chumba cha watoto, au tuiache mashine hiyo, maana akilala ubavu hakoromi sana?

Mke wa Dereva, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yanategemea jibu lake: msiiache. Mtu mwenye ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini anapolala, misuli ya koo hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikajifunga kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni ikapungua katika damu, kisha ubongo ukamgutusha ili avute pumzi, naye akalala tena bila kukumbuka kwamba aligutuka. Madaktari huhesabu kuwa ugonjwa ni mkali pumzi zinapokatika au kupungua mara 30 au zaidi kwa saa, na mumeo amefika 42. Hali hiyo ikiachwa hupandisha shinikizo la damu, huuchosha moyo, na humfanya mtu asinzie mchana hata kama alilala kitandani kwa muda wa saa nane nzima. Kulala ubavu ni jambo jema na aendelee nalo, lakini kwa kiwango chake hicho haliwezi kuchukua nafasi ya mashine, na usidanganywe na kupungua kwa mkoromo, kwa sababu pumzi inaweza kupungua kimyakimya.

Mama mkwe naye anastahili maelezo badala ya kununiwa. Mashine hiyo haina oksijeni ndani yake. Huvuta hewa ileile ya chumbani na kuirudisha kwa nguvu kidogo, ikalishikilia koo wazi kama upepo unavyolituna tanga la jahazi lisilegee. Si kifaa cha mahututi, wala si majaribio ya jana, kwani daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1980. Ningependa maneno haya yatoke kinywani mwa mwanawe, si mwako, tena mchana, mashine ikiwa imewashwa na mama mwenyewe akiweka kiganja chake mbele ya barakoa ili ausikie upepo. Akiambiwa na mkaza mwana ataona anafundishwa. Akiambiwa na mwanawe aliyemzaa, huenda akawa wa kwanza kuwasahihisha hao majirani.

Sasa tuje kwenye saa nane usiku. Katika barua yako umeandika kana kwamba mumeo ni mkaidi, nami sidhani hivyo. Kukauka kinywa mara nyingi huonyesha kuwa hewa inaingia kwa puani na kutorokea mdomoni, au inavuja pembeni mwa barakoa, na mtu anayepulizwa hivyo usiku kucha ataivua hata akiwa usingizini. Kama barakoa yake ni ya pua peke yake, amuulize mtaalamu aliyempatia kama inafaa abadilishiwe ile inayofunika pua na mdomo pamoja. Kama mashine ina chombo cha maji cha kuongeza unyevu, kitumike, na kiwango cha unyevu kipandishwe hatua kwa hatua. Maji yawe yaliyotoneshwa (distilled water), yanayouzwa kwa matumizi ya hospitali, na yabadilishwe kila siku. Nakuonya kwa mkazo kwamba asije mtu akamwaga humo maji ya betri kutoka gereji, kwa kuwa kinachouzwa kwa jina hilo mara nyingi kina asidi. Yaliyotoneshwa yakikosekana kwa usiku mmoja au miwili, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa ni afadhali kuliko ya bomba, ingawa huacha ukoko kwenye chombo.

Upepo unaokupuliza shingoni uuchunguze kabla hujaulalamikia. Kila barakoa ina vitundu vidogo vya kutolea hewa iliyokwisha kupumuliwa, navyo havizibwi kwa hali yoyote. Kama upepo unatoka hapo, mto mdogo kati yenu au kubadilishana upande wa kitanda kutatosha. Kama unatoka pembezoni, basi barakoa haijakaa sawa. Aipange akiwa amelala chali au ubavu, mashine ikiwa inapuliza, wala asikaze mikanda kwa nguvu, kwa sababu kukaza kupita kiasi huikunja pembe za barakoa na kuongeza uvujaji, mbali na kumchubua pua. Nanyi watu wa pwani mna desturi ya kujipaka mafuta usoni kabla ya kulala: aache, na uso uoshwe kwa sabuni, kwani mafuta huifanya barakoa iteleze. Barakoa yenyewe ioshwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Udi ufukize sebuleni, si chumbani wakati wa kulala, maana mashine huvuta moshi huo moja kwa moja hadi mapafuni mwake.

Ili auzoee mguso wake, avae barakoa akiwa macho, akitazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwanza bila hewa, kisha hewa ikiwa imewashwa. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza kwa nguvu ndogo na kupanda taratibu mtu anapopitiwa na usingizi, lakini kile kiwango kilichoandikwa na daktari asikiguse mtu nyumbani.

Chandarua msikitoboe. Tafuteni cha pembe nne kilicho kipana, mpira upite chini ya ukingo upande wa kichwani, na ukingo uchomekwe chini ya godoro. Mashine ikae nje ya chandarua juu ya kigoda kilicho chini kuliko godoro, ili matone yanayojikusanya kwenye mpira yarudi kwenye chombo badala ya kumdondokea usoni. Kuhusu umeme, mwonyeshe mchana kwa kuizima akiwa ameivaa: kwa barakoa ya pua, anapanua mdomo na kupumua, ile inayofunika pua na mdomo ina kilango kinachofunguka chenyewe hewa inapokoma. Akishajaribu mara kadhaa, hofu ya kukabwa itapungua. Kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ni cha lazima, na betri ya akiba ni jambo la kupanga na huyo mtoto aliyeko Muscat.

Kuhamia chumba kingine kwa usiku mchache ili upate usingizi si dhambi wala si talaka, mradi mmekubaliana nyinyi wawili na asije akalisikia kwanza kutoka kwa mama yake. Lakini ukiweza kubaki, baki, kwa sababu akiivua bila kujijua unaweza kumgusa bega tu airudishe, kama mlivyokwisha kuafikiana mchana, pasipo lawama. Kuhusu unyumba, ambao hukuutaja ila naudhania, barakoa huvaliwa usingizi unapokaribia. Kabla ya hapo iacheni mezani.

Neno la basi ndilo linalonisumbua zaidi. Mtu anayeivua mashine saa nane usiku kisha akashika usukani alfajiri na abiria nyuma yake bado yumo hatarini. Mashine nyingi za siku hizi huhifadhi kumbukumbu ya saa zilizotumika, uvujaji, na pumzi zilizoendelea kukatika. Aichukue aende nayo kliniki sasa, asingoje tarehe ya kurudi, na amuulize daktari waziwazi kama anafaa kuendesha. Mpaka apate jibu hilo, aombe apumzishwe safari, hata kama itabidi posho ya mwezi huu ipungue. Zungumza naye leo jioni, kabla hajapangiwa safari nyingine.