Kwa wanaoanza Motorsport Manager: kipuri kipya si kipuri tayari

Tangu vijana wa chuo hapa Mbeya waanze kucheza Motorsport Manager, gemu la kompyuta la kusimamia timu ya mbio za magari, swali ni lile lile, iwe niko Mwanjelwa au Uyole: "Kaka, nimetengeneza injini mpya, namba zake ni kubwa kuliko za wote, mbona gari linanifia katikati ya mbio?" Kwa sababu uliifunga siku ileile ilipotoka kiwandani.

Gari lina vipuri sita vya kuendeleza. Injini ni ya kasi ya juu, giaboksi ni ya mchomoko, breki ni za kusimama. Bawa la mbele linasaidia kona za polepole, saspensheni kona za kasi ya kati, bawa la nyuma kona za kasi. Kila kimoja kina namba mbili, kasi na uimara, na mgeni huangalia ya kwanza tu. Kipuri kipya huja na uimara mdogo. Kadiri mizunguko inavyokwenda hali yake inashuka, ikifika kwenye sehemu nyekundu ya kipimo gari linapoteza kasi, na hapo uchague: umwingize dereva pit, kwa mafundi kando ya uwanja, akatengenezewe na upoteze sekunde, au uendelee ukiomba Mungu. Dereva wa lori anayeteremka mlima mkali wa Kitonga haulizi kwanza injini ina nguvu kiasi gani.

Kati ya mbio na mbio mafundi wako wanaboresha vipuri, na wewe ndiye unayewagawa: wangapi kwenye uimara, wangapi kwenye kasi. Mimi kipuri kikiwa kipya nawapeleka karibu wote kwenye uimara. Kikishaweza kumaliza mbio bila kugusa nyekundu, nawahamishia kwenye kasi. Wapo wanaogawa nusu kwa nusu tangu mwanzo. Sibishani nao, ila msimamo wa ligi nauona.

Ndiyo maana kalenda ifunguliwe kabla ya ukurasa wa ubunifu. Tuseme mbio za tatu kutoka sasa ziko kwenye uwanja wa kona ndefu za kasi. Unahitaji bawa la nyuma. Usihesabu siku za kulitengeneza peke yake, ongeza na siku za mafundi kulikomaza, halafu rudi nyuma uone unatakiwa uanze lini. Likitoka siku mbili kabla ya mbio, funga la zamani na umwache mwenye timu alalamike. Pia kumbuka una magari mawili na kwa kawaida ubunifu mmoja hukupa kipuri kimoja. Bila cha pili, dereva mwingine anabaki na cha zamani, na pointi za timu huletwa na wote wawili.

Ukibuni, mbunifu wako mkuu atakuwekea nyongeza za kuchagua. Nyingine zinaongeza kasi, nyingine uimara, nyingine zinapunguza siku za kazi, na zipo zinazokuja na hatari ya kukamatwa kwenye ukaguzi. Hizo za hatari zinavutia sana timu maskini. Mimi siziwezi kuzipendekeza kwa mtu wa msimu wa kwanza: faini inauma zaidi pale akaunti ikiwa nyembamba, na ukianzia European Racing Series, ligi ya chini kwenye gemu, akaunti huwa nyembamba kweli.

Usiruke kura za kanuni. Timu zinaweza kupitisha kwamba kipuri fulani kiwe sawa kwa wote msimu ujao, na hela uliyomwaga humo ikaishia hapo hapo. Kabla hujaanza kipuri cha gharama mwishoni mwa msimu, tazama kura gani zinakuja.

Na kwa wenzangu wa huku juu: gemu hili ukishalipakua halikudai bando, lakini umeme wetu mnaufahamu. Hifadhi kabla ya kila mbio, hasa kama betri ya laptop imeshachoka.