Kwa wadogo zangu mnaoandika mkakati wa wingu

Rasimu nyingine ya mkakati wa wingu, yaani kuweka mafaili na programu kwenye seva za mbali na kuzifikia kwa intaneti, imenifikia wiki hii. Jalada linang'aa, dira inasema taifa litakuwa "kinara wa huduma za wingu ukanda mzima", na mkongo wa baharini, kebo inayotuletea hiyo intaneti, umepewa aya moja. Jamani.

1. Anzeni na njia, seva zitafuata. Hili nimelilipia. Kwenye andiko la ofisi moja niliandika: "Njia mbadala ya intaneti: ipo, watoa huduma wawili." Bosi akasaini, nami nikaenda zangu kula chipsi mayai. Sikuuliza hao wawili wananunua uwezo kwenye mkongo upi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom, mikongo miwili ya pwani ya Afrika Mashariki, ikakatika upande wa Afrika Kusini. Mtoa huduma mmoja alinunua EASSy, mwenzake Seacom: mikataba miwili, bahari ileile. Kukimbilia kaskazini nako kugumu, maana Bahari ya Shamu mikongo kadhaa ilishaumia tangu Februari, Seacom ikiwemo. Simu zikaanza. Watu wanataka mafaili yao, mafaili yako Ulaya. Nikafungua jedwali la vihatarishi: "Kukatika kwa mkongo. Uwezekano: mdogo." Kisanduku cha kijani, nimekipaka mwenyewe. Siku hizi naomba ramani ya njia, nafuata kidole mpaka ufukweni, na anayeniambia "hiyo ni siri ya kibiashara" simpi alama.

2. Trafiki ya intaneti ya ndani ibaki ndani. KIXP, kituo ambapo watoa huduma wa Kenya hubadilishana trafiki yao, ilipoanza Nairobi mwishoni mwa 2000, haikumaliza mwezi kabla mdhibiti wa mawasiliano hajaifunga, kwa sababu Telkom Kenya ililalamika kwamba inaingilia ukiritimba wake. Ilirudi 2002. Muda wote huo barua pepe ya mtaa kwa mtaa ilipanda satelaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Mitambo ilikuwepo, leseni ndiyo iliyokwama. Basi mwanasheria aketi nanyi tangu siku ya kwanza, msimpelekee andiko Ijumaa saa kumi jioni mkitaka muhuri.

3. Umeme, dizeli na leseni za programu viwe na fungu kila mwaka. Kiyoyozi hakijui kwamba mfadhili ameondoka.

4. Ziara za mafunzo. Estonia inatumia X-Road, mfumo wa taasisi kubadilishana data, tangu 2001, na kila ujumbe uendao Tallinn unarudi na picha za theluji. Ulizeni nani anaamshwa usiku mfumo ukilala, analipwa na nani, na taasisi iliyogoma kutoa data zake ilifanywa nini. Posho mtapata tu.