Swali la Lugha: Ndege "niliyoichora" au ndege "niliyemchora"?

Msomaji mmoja alimwona ndege mdogo kando ya maji, ndege ambaye hakuwahi kumwona maishani mwake, akarudi nyumbani na kumchora kwa rangi za maji. Chini ya picha akaandika: "Picha ya ndege niliyoichora bila kuijua. Ina mdomo nyekundu na mgongo mbuluu. Naomba mnitambulishe ni spishi gani." Rafiki yake mmoja alimsahihisha kwamba alipaswa kuandika "niliyemchora", na mwingine akamwambia kwamba picha ya rangi haichorwi, bali hupakwa. Anauliza ni nani kati yao aliyepatia.

Nianze na lile la "niliyoichora", kwa sababu ndilo lenye uzito. Katika maneno "picha ya ndege niliyoichora" kuna nomino mbili, na kirejeshi kinaweza kushikamana na yoyote kati yake. Kiambishi -yo- pamoja na -i- vinarejelea picha, na picha kweli ndiyo iliyochorwa. Kwa hiyo msomaji wetu hakukosea hapo, na rafiki aliyemsahihisha aliharakisha kidogo. Kosa liko mbele yake, kwenye "bila kuijua". Ikiwa -i- bado inarejelea picha, basi mchoraji anatuambia kwamba haijui picha aliyoichora mwenyewe. Na ikiwa inamrejelea ndege, msomaji makini atafikiria eropleni, kwa kuwa ndege mwenye mabawa na manyoya, kama viumbe wengine wenye uhai, huchukua upatanisho wa A-WA katika Kiswahili sanifu, hata kama umbo la jina lake halibadiliki kati ya umoja na wingi. Chombo cha angani ndicho kilichokuja baadaye kikaazima jina la kiumbe, nacho kikapewa upatanisho wa I-ZI. Ukiniambia "ndege imetua", ninawaona abiria wakishuka. Ukiniambia "ndege ametua", ninatafuta tawi. Kwa sababu hiyo hiyo, sentensi ya pili inayoanza na "ina mdomo" inapaswa kuwa "ana mdomo", maana mdomo ni wa ndege.

Dawa ya sentensi hii si kubadili kiambishi kimoja tu. Kila kirejeshi kiwekwe karibu na nomino yake: "Hii ni picha niliyoichora ya ndege nisiyemjua." Hapo uchoraji umebaki kwa picha, kutojua kumebaki kwa ndege, na hakuna anayelazimika kukisia. Wapo watakaopendelea "ndege mgeni" badala ya "ndege nisiyemjua", lakini mimi ningeliepuka neno hilo katika muktadha huu, kwa kuwa "mgeni" humfanya msomaji adhani kwamba ndege ametoka mbali na makao yake, ilhali huenda anaishi mahali hapo mwaka mzima na upungufu uko kwa aliyemtazama.

Kuhusu kuchora na kupaka, rafiki wa pili amekosea. Kuchora ni neno pana: linahusu kalamu, makaa, brashi, hata ncha ya chuma inayokwaruza mistari juu ya mbao. Kupaka ni kutandaza kitu juu ya uso wa kitu kingine, ndiyo maana tunapaka mafuta mwilini na rangi ukutani. Anayesema "nimempaka ndege rangi" amesema kwamba alimkamata ndege mwenyewe na kumsiriba manyoya yake. Ukitaka kutaja rangi, sema "nimemchora kwa rangi za maji" au "kwa rangi za mafuta". Tena angalia tofauti kati ya "nimechora ndege" na "nimemchora ndege": ya kwanza yatosha kwa ndege yeyote aliyetoka kichwani mwa mchoraji, lakini -m- ya pili hutuambia kwamba yuko ndege mahususi aliyeonekana. Kwa kazi ya msomaji huyu, hiyo -m- haifai kuachwa.

Sifa za rangi nazo zina utaratibu wake. Katika rangi, vivumishi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni -eusi, -eupe na -ekundu. Kwa hiyo ni mdomo mwekundu, miguu myekundu, manyoya mekundu, na "mdomo nyekundu" halikubaliki ingawa tunalisikia kila siku. Rangi nyingine huunganishwa kwa kihusishi -a: mgongo wa buluu, kidari cha rangi ya chungwa, shavu la zambarau. "Mbuluu" halipo.

Sasa tufike kwenye "mnitambulishe ni spishi gani". Kutambulisha ni kumjulisha mtu kwa mwingine, kama mwenyeji anavyofanya wageni wake wanapokutana. Anachohitaji mchoraji ni msaada wa kutambua: "naomba mnisaidie kumtambua". Na katika mazungumzo ya kawaida, swali "huyu ni ndege gani?" linajitosheleza. Neno "spishi" ni la kibayolojia na lina mipaka yake. "Aina" ni pana zaidi, linafaa ndege, karatasi na hata tabia. Anayeuliza spishi anapaswa kuwa tayari kupewa jibu la kisayansi, yaani jina la maneno mawili kwa utaratibu ambao wataalamu wa wanyama wanauhesabu tangu kitabu cha Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, cha mwaka 1758, neno la kwanza likianza kwa herufi kubwa na la pili kwa herufi ndogo.

Picha aliyoniletea msomaji inaonyesha vizuri tofauti hiyo. Mdomo mrefu mwekundu, mgongo wa buluu na kidari cha rangi ya chungwa vinatosha kunifanya niseme kwamba ndege huyu ni mdiria. Hilo ni jibu la aina, kwa sababu wadiria wana spishi nyingi. Kwa jibu la spishi lazima nisogee hadi juu ya jicho. Kwa Corythornis cristatus, buluu ya utosini hushuka mpaka kwenye jicho, na kichwani kuna kishungi chenye mistari myeusi na ya samawati. Kwa Ispidina picta, ambaye ni mdogo zaidi, buluu hiyo huishia juu, utepe wa rangi ya chungwa hupita kati yake na jicho, na shavuni kuna zambarau iliyofifia. Katika picha ya msomaji wetu utepe huo upo, mwembamba lakini umechorwa kwa uangalifu, na shavuni brashi imeacha zambarau kidogo. Ikiwa alichora alichokiona, huyo ni Ispidina picta.

Maelezo chini ya picha yanaweza basi kusomeka hivi: "Hii ni picha niliyoichora ya ndege nisiyemjua. Ana mdomo mwekundu, mgongo wa buluu, na utepe wa rangi ya chungwa kati ya utosi na jicho. Naomba mnisaidie kumtambua spishi yake." Hapana, hilo la mwisho nalo lirekebishwe: spishi iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ni "kuitambua spishi yake", au, kama anataka kubaki na ndege mwenyewe, "kumtambua".