Kabla hujachomelea mota ya haidroliki ya skrepa

Mota ya haidroliki niliyoanza nayo, yaani inayozungushwa na presha ya mafuta, ilitoka kwenye ekskaveta (mtambo wa kuchimbia) iliyokuwa inakatwakatwa: ile inayozungusha kibanda cha juu, ikiwa bado imefungwa juu ya giaboksi yake. Aliyeniuzia alisema imekufa, kwa sababu shafti haikugeuka hata kwa bomba refu. Niliichukua hivyohivyo, nikiwa tayari nimeshachora kichwani mashine ya kukatia majani ya mifugo. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nilikuwa na mashine kichwani kabla ya kuijua mota iliyo mkononi.

Tuanze na hilo la kufa. Mota nyingi za kuzungusha kibanda, na zile za minyororo ya kutembelea, zina breki ndani. Springi ndizo zinazoifunga, na presha ya mafuta ndiyo inayoifungua. Mtambo ukizimwa, breki inakamata. Kwa hiyo mota ya aina hiyo iliyokaa skrepa ni lazima iwe imekamata, hata kama ni nzima kabisa. Tafuta tundu dogo la breki, funga pampu ya mkono yenye geji, kisha pandisha presha taratibu. Yangu iliachia kabla ya baa 30 (baa ni kipimo cha presha), na shafti ikazunguka laini.

Sasa pima ujazo wa mafuta ambao mota inameza kwa mzunguko mmoja, kabla hujashika mashine ya kuchomelea. Kibati cha jina chenye vipimo vyake kikiwepo, mshukuru Mungu. Kisipokuwepo, jaza mota mafuta safi, weka chupa ya mafuta juu ikilishe upande mmoja, zungusha shafti mizunguko 10 kamili na kinga yanayotoka upande wa pili. Gawa kwa 10. Mimi nilipata karibu sentimita za ujazo 64 kwa mzunguko. Kwa giaboksi ni rahisi zaidi: weka alama ya chaki kwenye pinioni, ile gia ndogo ya kutolea nguvu iliyo chini, zungusha shafti ya mota juu na uhesabu. Yangu ilitaka mizunguko 18 ya mota ili pinioni izunguke mara moja.

Namba hizo mbili zinakupa karibu kila kitu. Mwendo wa mota ni lita za pampu kwa dakika mara 1,000, ugawe kwa sentimita zile za ujazo. Pampu yangu inatoa lita 40, kwa hiyo mota inakwenda mizunguko 625 kwa dakika, na baada ya giaboksi inabaki kama 35. Nguvu ya kuzungusha, kwa Newton-mita, ni ujazo mara presha ya baa, ugawe kwa 62.8. Kwa baa 140 nilipata kama 143 kwenye mota. Zidisha kwa 18, toa kidogo kwa ajili ya msuguano, unabaki na zaidi ya 2,300 kwenye pinioni. Na injini? Baa mara lita, gawa kwa 600: kilowati 9.3 zinazofika kwenye mafuta, kwa hiyo injini iwe na akiba juu ya hapo.

Mizunguko 35 haikati majani. Kisu kinataka kasi. Lakini kwa kuchanganya zege au chakula cha mifugo ndani ya beseni la duara, mizunguko hiyo ndiyo hasa inayotakiwa, na 2,300 inasukuma mchanganyiko mzito bila kukwama. Nikaacha majani nikatengeneza kichanganyio. Kila ninapoulizwa ushauri narudia hili: jiulize mota hiyo ilikuwa inafanya kazi gani kabla ya kung'olewa, kisha tafuta kazi inayofanana nayo. Yangu ilizoea kusimama wima, pinioni ikiangalia chini, ikizungusha mzigo mzito polepole. Nimeiweka hivyohivyo juu ya beseni. Ukiilaza giaboksi iliyozoea kusimama, kina cha mafuta ndani kinabadilika, na beringi ya upande mmoja inaweza kubaki kavu bila wewe kujua.

Nizungumzie sasa matundu madogo, maana ndiyo yaliyonigharimu. Mota ya pistoni, kama hii yangu, ina matundu mawili makubwa ya kuingiza na kutoa mafuta, na kila mtu huyaona. Pembeni kuna madogo: moja la breki, moja la dreni, na kwenye mota za kibanda mara nyingi jingine la kuongezea mafuta pale mota inapoendelea kuzunguka kwa mzigo wake. Mimi niliona dreni, nikadhani ni ya kutolea mafuta wakati wa matengenezo tu, nikaifunga kwa plagi.

Ndani ya mota ya pistoni kuna uvujaji wa kawaida, mafuta kidogo yanayopenya pembeni ya pistoni na kujaa kwenye ganda la mota. Yanatakiwa yarudi tenki kupitia dreni. Ukiziba, presha ya ganda inapanda mpaka sili ya shafti, ile pete inayozuia mafuta yasivuje, inashindwa. Yangu ilishindwa siku ileile ya kwanza, na sikuona tone hata moja nje, kwa sababu sili hiyo iko kati ya mota na giaboksi. Mafuta ya haidroliki yaliingia kimyakimya kwenye giaboksi, yakachanganyika na mafuta mazito ya gia, yakaijaza, halafu yakasukuma sili ya chini nje. Nilipoona mafuta ndani ya beseni, sili mbili zilikuwa zimekwisha na ikabidi nifungue kila kitu.

Kwa hiyo dreni ipelekee mpira wake peke yake hadi tenki. Usiiunganishe na mpira mkuu wa kurudisha, kwa sababu presha ya kurudi nayo inapanda. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, jaza ganda mafuta kupitia tundu hilohilo, la sivyo beringi na pistoni zinaanza kazi zikiwa kavu.

Breki ya kichanganyio sikuihitaji, nikatoa sahani zake za msuguano. Kama unafanya hivyo, legeza boliti za mfuniko kidogokidogo kwa zamu, maana springi zimebanwa nyuma yake. Lakini kwa winchi, au chochote kinachoning'iniza mzigo, breki ibaki. Uvujaji uleule wa ndani unafanya mota isiweze kushikilia mzigo; utashuka pole pole hata vali ikiwa imefungwa.

Vali ya usalama, inayoachia mafuta presha ikizidi, ni lazima, karibu na pampu, nawe uweke presha yake kwa geji, si kwa kukisia. Anza chini kabisa, panda taratibu. Vali ya kuendeshea ichague ile ya mota, ambayo ikiwa katikati inaacha mafuta yazunguke. Ile ya silinda inafunga njia ghafla, na beseni lililojaa zege haliwezi kusimama ghafla bila kitu kuvunjika.

Usichomelee kwenye pinioni wala shafti. Chuma chake kimefanyiwa ugumu kwa moto. Ukikichomelea kinapata nyufa, na joto linaunguza sili. Nilimpelekea fundi wa kukereza, akanitengenezea bosi, yaani kipande cha chuma cha duara chenye meno ya ndani kinachovaa pinioni, kisha mikono ya kuchanganyia ikafungwa kwenye bosi kwa boliti.

Vipimo vya nyuzi za skrubu kwenye matundu navyo vichunguze. Nyuzi za kuchongoka zikilazimishwa kwenye tundu la nyuzi zilizonyooka zinapasua ganda. Mafuta natumia ya daraja la 46 (namba ya uzito wake), filta ya mikroni 10 kwenye mpira wa kurudisha, tenki la lita 100. Ukishindwa kushika tenki kwa kiganja kwa sekunde chache kwa sababu ya joto, kuna kitu kinapoteza nguvu mahali fulani.

Na tafadhali, usitafute uvujaji kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano, kwa presha hii, yanapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Tumia kipande cha kadibodi. Yakikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama alama ni ndogo kama ya kuumwa na mbu, na uwaambie wazi kwamba ni mafuta ya presha.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi, zima, subiri mafuta yatulie, kisha chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Kina kikiwa kimepanda kuliko ulivyojaza, sili ya shafti inapitisha. Simamisha hapo hapo, fuata mpira wa dreni kutoka mwanzo hadi tenki, utafute palipobana.