Kabla Hujalaumu Mkono Wako, Pima Joto

Kijana mmoja wa Githurai ameniandikia: "Kaka, blowa naiweka 350, aisi haing'oki. Nikipandisha 450, bodi inafura. Ni mkono wangu ama?" Anasema blowa, ile mashine ya hewa moto ya kung'olea aisi, yaani chipu, kwenye bodi ya simu.

Mkono wako hauna neno. Nasema hivyo kwa uchungu, maana mimi nilikatwa mshahara kwa sababu ya mkono. Kwenye duka moja la Luthuli Avenue, kila bodi ilipoungua mdosi alinikemea mbele ya wateja: "Mkono mzito!" Mashine yake ya chuma cha kusolda ilionyesha 350 kwa taa nyekundu, na nani angebishana na namba inayowaka?

Siku moja nilikuja na mita yangu na themokapo ya aina ya K, ule waya mwembamba wa kupimia joto. Nikaweka tone la solda kwenye ncha ya kile chuma ili joto lipite vizuri, nikazamisha waya humo. Mita ikapanda, ikapanda, ikatulia 412. Nikamwita aone. Unajua alisema nini? Eti mita yangu ni ya bei rahisi. Pesa zangu hazikurudi mpaka leo.

Sawa, mita nayo ipimwe. Ponda barafu, changanya na maji, koroga: isome karibu 0. Halafu maji yanayochemka. Hapa watu huitupa mita nzima bure, kwa sababu Nairobi tuko juu sana na maji huchemka kwenye digrii kama 94, si 100. Mita ikisema 100 jijini, hiyo ndiyo ya kutilia shaka.

Blowa ni ujanja zaidi. Kihisi chake kiko ndani ya mpini, karibu na koili, kwa hivyo skrini haijui kinachofika kwenye bodi. Ukibadilisha pua, ukipunguza hewa au ukiinua mkono kidogo, joto limebadilika na namba iko palepale. Chukua bodi iliyokufa, bana ncha ya themokapo kando ya aisi, puliza kwa umbali uleule unaofanyia kazi. Solda ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwa 183. Ile isiyo na risasi, iliyojaa kwenye simu za siku hizi, hutaka karibu 217. Kama hapo bodini hujafika huko, utaing'oaje?

Vijana wa mji huu tunapenda hadubini na bango kubwa mlangoni, lakini themokapo ya bei ya chakula cha mchana hatuna. Jiheshimu kwanza, fundi. Pima. Ukibadilisha ncha, pima tena.

Mashine nyingine zina skrubu ya kurekebisha au menyu. Zungusha kidogo, ngoja itulie, pima. Isiyo na chochote, andika tofauti juu yake kwa kalamu ya maka. Yangu imeandikwa "toa 40", na wateja hudhani ni bei.