Maji na chuma: joto lilelile, nyuzi tofauti

Ndugu, umeuliza kwa nini kilo moja ya maji na kilo moja ya chuma zikipewa joto sawasawa, chuma kinaunguza huku maji yakiwa vuguvugu tu. Hukukosea kupima. Kila kitu kina kiasi chake cha joto cha kuipandisha kilo moja kwa nyuzi 1 ya Selsiasi: maji yanataka jouli (kipimo cha kiasi cha joto) 4,200 hivi, aluminiamu 900, chuma 450, shaba 385. Sasa chukua jouli 42,000. Ukizigawa kwa 4,200, maji yanapanda nyuzi 10. Ukizigawa kwa 450, chuma kinapanda zaidi ya 93.

Lakini hapo tumelinganisha kilo kwa kilo, na wengi hupotea hapa. Lita moja ya chuma ina uzito wa karibu kilo 7.9, kwa hiyo ukilinganisha kwa ujazo pengo linapungua sana: takriban jouli 3,500 kwa lita ya chuma, na 4,200 kwa lita ya maji. Nakusihi uandike tungamo, yaani ni kilo ngapi, kwanza, kabla ya kukokotoa chochote.

Na maji yakishaanza kuchemka, iache hesabu hii. Joto linayageuza kuwa mvuke na kipimajoto hakisogei.